Somo Nililosamehewa

Barua ya kunisamehe masomo manne ilinifikia wiki ya pili ya muhula. Niliisoma nimesimama kwenye korido ya idara, nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeandikiwa na mchumba. Niliikunja mara nne, nikaitia mfukoni mwa shati. Ningalijua, ningaliirudisha mlangoni pale pale.

Kwetu ni Samuye, Shinyanga. Baba alilima pamba na kufuga ng'ombe, na katika watoto wake mimi ndiye niliyesukumwa shule mpaka mwisho. Serikali ilinipeleka nje, nchi ya baridi, kusomea uhandisi. Nilikaa huko miaka miwili, nikafaulu kila mtihani, kisha ugonjwa wa kifua ukaniangusha na wakanirudisha nyumbani. Nilipopona, nafasi yangu kule alikuwa amekwisha kupewa mwingine. Nikaanza upya katika chuo cha hapa nchini, mwaka wa kwanza, bweni moja na vijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho.

Hilo ndilo lililoniuma. Umri ulikuwa unakwenda, wenzangu wa sekondari walikwisha kuwa mabwana wa ofisi, na mimi nilikuwa nafundishwa tena kuchonga penseli ya kuchorea. Kwa hiyo niliposikia kuna kanuni inayomruhusu mwanafunzi aliyefaulu masomo chuo kingine asamehewe kuyarudia, niliikimbilia. Nilitafsirisha karatasi zangu, nikazigongesha mihuri, nikaomba masomo manne. Hesabu, uchoraji na umeme yalipita bila swali. La nne, lililohusu udongo, lilihitaji saini ya mhadhiri wake.

Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye udongo chini ya kucha hata siku za kuvaa tai. Alizisoma karatasi zangu polepole, ukurasa kwa ukurasa.

"Huko ulishika udongo?" akaniuliza.

"Nilifaulu vizuri, mwalimu. Alama ziko hapo."

"Alama nimeziona, ndugu. Nauliza kama ulishika udongo."

Nikamwonyesha tena mstari wa alama. Kule tulikaa ukumbini watu mia mbili, mhadhiri akijaza ubao kwa kanuni. Udongo tuliouona ulikuwa ndani ya vichupa vyenye vifuniko.

"Kanuni inataka jina la somo liwe moja na saa zilingane," akasema. "Jina ni moja. Saa zenu zinazidi hata zetu. Sina sababu ya kukunyima." Akatia saini, lakini hakuiachia karatasi; tuliishika wote wawili, yeye huku, mimi huku. "Alhamisi mchana tunakuwa maabara. Njoo ukae tu, hata bila kuandika. Udongo wa kwetu una tabia zake."

"Nitakuja, mwalimu."

Sikwenda hata Alhamisi moja. Saa hizo nilizitumia kusoma masomo ya mwaka unaofuata, nikae mbele ya wenzangu. Kijana niliyelala naye chumba kimoja alikuwa akirudi jioni suruali imetapakaa tope, anataka kunisimulia waliyoyaona. Nilikuwa namkata: "Hayo mimi niliyamaliza zamani." Alikuwa na heshima zake. Baada ya mara tatu hakunisimulia tena.

Mwisho wa mwaka wa pili tulitawanywa kwa mafunzo ya vitendo. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mwenzangu alipelekwa Kahama, kwenye upimaji wa barabara karibu na kijiji cha Buzwagi. Mimi nilipangiwa mradi mmoja wa kutafuta dhahabu upande wa Geita. Mgodi wa zamani ulikuwa umefungwa tangu miaka ya sitini, vyuma vyake vikiota kutu vilimani, na mradi huu mdogo ulikuwa unajaribu bahati yake bondeni. Ulihitaji maji ya kuoshea mawe. Ndiyo maana walikuwa wakijenga bwawa: tuta la udongo kutoka kilima hadi kilima, kimo chake nyumba mbili zilizopandana.

Nilipofika tuta lilikuwa karibu kwisha, isipokuwa pengo katikati. Hapo ndipo lilipolazwa bomba la kutolea maji, ambalo lilichelewa mno njiani, na sasa ilibaki kulifunika na kushindilia kabla masika hayajakolea. Msimamizi alikuwa fundi wa siku nyingi, mtu mzima aliyejifunza kazi kwenye barabara za vumbi. Barua ya chuo ilikuwa imenitangulia, na orodha ya masomo yangu ndani yake. Kwenye mstari wa udongo palikuwa na neno moja tu: amefaulu.

"Injinia," akaniita. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniita hivyo, na moyo wangu ulinyanyuka. "Tuna mashimo mawili ya kuchukulia udongo. Kuna mwekundu, uko ng'ambo ya mto, na trekta likivuka mara mbili tatu linanasa. Kuna huu mweupe, uko hapa hapa mita hamsini. Bomba tulifunike kwa upi?"

Nikaupima udongo mweupe kwa namna niliyoijua. Niliuchekecha, nikaushindilia katika kopo, nikaupima uzito. Ulitoka mgumu kama saruji. Nyundo iliruka juu yake. Nikaandika katika daftari la kazi kwamba unafaa, nikatia saini yangu ndefu niliyoifanyia mazoezi.

Na udongo ule nilikuwa naujua. Hapa ndipo ninapojishangaa mpaka leo. Kwetu Samuye tunauita ibambasi. Ni ule wa mahali ambapo hata mbuzi hapati kitu; wakati wa kiangazi jembe linadunda, na mvua ikinyesha unalegea kama uji na madimbwi yake hayatulii, yanabaki meupe wiki nzima. Baba hakuwahi kupanda hata mtama juu yake. Lakini kwangu ibambasi lilikuwa neno la kuchungia ng'ombe. Sikudhani lina kazi yoyote ndani ya daftari.

Tulilifunika bomba kwa siku sita. Kisha mvua zikaja, na bwawa likaanza kujaa.

Kambi ya vibarua ilikuwa chini ya tuta, vibanda vya nyasi kama thelathini, watu wakiishi na wake zao na watoto. Mpishi wa mradi alikuwa mama mmoja kutoka Didia, mwenye sauti nene na mkono mwepesi wa kupakua. Mumewe ndiye aliyekabidhiwa kulinda tuta na kufungua valvu ya kutolea maji, ambayo ilikuwa ndani ya kishimo kilichojengewa matofali, chini kabisa, bomba linapotokea. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila nilipopita alisimama wima, kana kwamba amemwona mkuu wa wilaya.

Wiki ya pili ya mvua, maji yalianza kuchuruzika pembeni mwa bomba. Yalikuwa mchirizi mwembamba kama kidole, safi kabisa. Wanawake walifurahi, wakawa wanakinga hapo badala ya kwenda mtoni. Nami sikuona neno. Nilikumbuka kutoka ubao wa kule baridini kwamba kila tuta huvuja kidogo.

Asubuhi moja yule mama alinifuata na bakuli la bati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Injinia, hebu tazama chai hii."

Nikatazama. "Umetia maziwa mengi leo."

"Sijatia maziwa. Watu wamenisifu tangu alfajiri, wanasema leo mradi umetukumbuka kwa maziwa. Hayo ni maji yako ya tutani."

Alicheka kidogo. Mimi nilitabasamu.

"Mvua imechafua," nikamwambia.

"Mto umechafuka mwekundu. Haya ni meupe." Akanisogelea, akashusha sauti. "Kwetu Didia udongo huu ni ibambasi. Haukai na maji, baba. Hata ukuta wa zizi hatuujengei."

"Umeshindiliwa kwa mashine, mama."

Alinitazama, akamwaga ile chai chini. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Tangu siku ile sikulala vizuri wala kula vizuri. Kila asubuhi nilikwenda kusimama pale chini. Mchirizi ulikuwa umenenepa, sasa ni kama gumba. Rangi yake ilikuwa ya maji ya kuoshea mchele. Msimamizi alikuwa akija, anasimama nyuma yangu na mikono mgongoni.

"Inakuwaje, Injinia?"

"Iko sawa, mzee."

Na katika daftari niliandika: kuvuja kidogo, hali ya kawaida. Niliandika hivyo siku tatu mfululizo. Sikuwa najua kama ni kawaida au si kawaida, na sikuwa na wa kumuuliza, maana kumuuliza mtu yeyote kungekuwa kusema kwamba neno moja katika barua ya chuo halikuwa kweli. Mumewe yule mama alikuwa akinisikia nikimjibu msimamizi. Niliona mabega yake yakishuka, ametulia. Alikuwa ameamini.

Siku ya nne nilidanganya kwamba jino linaniuma, nikapanda lori la mradi lililokuwa linakwenda Kahama kuchukua vipuri. Nilimkuta mwenzangu wa bwenini kwenye hema lake karibu na Buzwagi, anasonga ugali. Alinifurahia sana. Nikamwomba daftari lake la somo la udongo, nikasema ninataka kujikumbusha jambo dogo.

"Wewe?" akacheka. "Si uliyamaliza zamani?"

Sikucheka. Akanipa.

Nilifunua kurasa haraka haraka mpaka nikafika penye mwandiko uliolowa tope. Alikuwa ameandika kwa ufupi, kama anavyozungumza mhadhiri: Chukua kipande cha udongo mkavu, kitie katika glasi ya maji safi, usikoroge. Kikitulia, jengea. Kikitoa wingu kama maziwa, usijengee tuta, hasa pembeni ya bomba. Tuta likivuja maji safi, lichunge. Likivuja maji meupe, linaliwa ndani. Ondoa watu.

"Unatafuta nini?" mwenzangu aliuliza. Mwiko ulikuwa umesimama mkononi mwake.

"Hili hapa."

Akainama, akasoma. "Mmefunikia bomba udongo gani?"

Nikamwambia.

"Nani aliuchagua?"

Nikamwambia na hilo.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu, taratibu, "Mwalimu alituonyesha hilo Alhamisi moja, kwa glasi za chai. Haikuchukua hata dakika kumi."

Lori la kurudi liliondoka asubuhi iliyofuata. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha upande wa Geita, na tulinasa mara mbili. Njia nzima nilikuwa nikitazama maji ya mitaroni, rangi zake, kama mgonjwa anayejichungulia mate. Tulifika mchana. Sikwenda kwanza kibandani kwangu. Nilishuka mbio mpaka chini ya tuta.

Maji yalikuwa yanatoka manene kama mkono wa mtu mzima, meupe pe. Mumewe yule mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, anayatazama. Alisimama wima.

"Yameongezeka tangu jana, Injinia," alisema. "Nilisema nisiwasumbue watu mpaka urudi."

Nilimtafuta msimamizi, nikamkuta jikoni. Nikachukua glasi ya yule mama, nikaijaza maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa, nikadondosha kipande cha ibambasi mbele ya macho yao. Hatukusubiri sana. Ukungu mweupe ulianza kutoka pande zote za kile kipande, ukatambaa chini ya glasi, ukapanda, mpaka upande wa pili wa glasi haukuonekana tena.

"Ndiyo nini hii?" msimamizi akauliza.

"Tuta linaliwa kwa ndani, mzee. Lazima watu watoke kambini sasa hivi."

"Uliniambia iko sawa."

"Nilikosea."

Uso wake ulibadilika, lakini hakupoteza muda kunigombeza. Alikwenda kugonga kipande cha reli kilichotundikwa mtini kilimani, kile cha kuitia watu kazini. Mimi nilirudi chini tutani. Nilifikiri maji yakipungua bwawani, mzigo utapungua juu ya tuta. Nikamwambia mumewe yule mama afungue valvu.

"Ifungue mpaka mwisho, kisha panda kilimani haraka. Usikae."

"Sawa, Injinia."

Aliingia kwenye kile kishimo. Valvu ilikuwa ngumu, haijawahi kufunguliwa tangu ifungwe. Nilimwona akiizungusha nusu, anapumzika, anaizungusha tena. Ningeweza kushuka tuizungushe wawili. Nilimwacha, nikakimbilia vibandani kuwatoa watu.

Watu hawatoki upesi unavyodhani. Huyu anataka kufungua kuku, yule anarudia blanketi. Yule mama wa Didia ndiye aliyewaswaga kwa ile sauti yake nene, sufuria kubwa kichwani, mtoto wa jirani mgongoni. Tulipofika kilimani akageuka, akawatazama watu wote, mmoja mmoja.

"Mume wangu yuko wapi?"

Sote tuliangalia chini. Alikuwa bado mle kishimoni, mgongo wake unaonekana umeinama. Valvu ilikuwa imefunguka. Maji yalikuwa yanaruka kutoka bombani kwa ngurumo, na yeye alikuwa anaendelea kuizungusha ifike mwisho, kama nilivyomwagiza. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Msimamizi aligonga reli. Hakusikia kitu.

Juu kidogo ya bomba ukuta wa tuta ulibonyea. Likawa shimo la ukubwa wa sinia, kisha la ukubwa wa mlango. Sehemu ya juu ya tuta ilikaa chini taratibu, bila kishindo, kama mtu mzima anayeketi. Halafu maji yote yakaja.

Vibanda vilikwenda vyote. Yeye tulimpata siku ya pili, mbali, kwenye matete.

Walikuja maofisa wakatukalisha chini ya turubai, wakauliza maswali siku nzima. Mwisho mwenyekiti wao akasoma aliyokuwa ameyaandika: mvua zilizidi, udongo wa eneo lile ni mbaya, mwanafunzi aliyekuwa mafunzoni alitambua hatari mapema na kuokoa kambi nzima. Nilisimama.

"Mimi ndiye niliyeuchagua udongo ule. Na mimi ndiye niliyemtuma marehemu."

"Tumeona daftari," mwenyekiti alisema. "Tumeona pia barua ya chuo. Ulikuwa na sifa zinazotakiwa. Kaa chini, ndugu."

Nikakaa. Katika maisha yangu sijawahi kukaa juu ya benchi lenye baridi kama lile.

Chuo kilipofunguliwa nilikwenda ofisini kuomba ule msamaha ufutwe, nilisome somo upya. Karani alipekua kitabu cha kanuni mbele na nyuma. "Kifungu cha kuomba msamaha kipo," alisema. "Cha kuukataa hakipo." Nikaenda kwa mhadhiri mwenyewe. Hakuniuliza sababu. Alisema nije Alhamisi.

Nilikaa nyuma ya vijana wa mwaka wa kwanza mwaka mzima, bila namba wala alama. Siku alipopanga glasi za chai mezani, nilidondosha kipande cha udongo katika yangu. Alikuja akasimama kando yangu, akaitazama glasi yangu ikigeuka nyeupe.

"Wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Upande wa Geita, mwalimu."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Akaenda meza inayofuata.

Likizo iliyofuata nilikwenda Didia. Nilimkuta yule mama akipura mtama uani kwa ndugu zake. Alinijua kutoka mbali, lakini hakuacha kupura mpaka alipomaliza tandiko lile la masuke. Nilimwamkia, akaitikia. Alinipa kigoda, yeye akakaa chini kwenye ngozi.

"Nilitaka kukuuliza jambo moja," alisema. "Siku ile niliyokuonyesha chai. Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. 

"Sikujua, mama. Nilijifanya najua."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia habari aliyokuwa nayo tayari. Akachukua punje chache za mtama, akazipuliza pumba, akazitazama kiganjani.

"Yeye alikuwa akiniambia jioni, usiogope, Injinia amesema iko sawa. Kila jioni." Akazirudisha punje kwenye ungo. "Watoto wake watarudi kutoka shambani sasa hivi. Sitaki wakukute hapa. Wakiuliza wewe ni nani, sijui niwaambie nini."

Nikasimama. Nilimuuliza kama naweza kurudi siku nyingine.

"Mwaka huu usije," alisema. "Mwakani, nitaona."

Alichukua fimbo yake ya kupuria, akaanza tandiko jingine, nami nikashika njia ya Shinyanga kwa miguu.